Jua Lilipoanguka Biharwe



Wengi wetu tuliofika Nakivale kwa basi kutoka Kampala tulipita Biharwe bila kujua. Ni pale kwenye barabara ya Masaka, kabla kidogo ya kuingia Mbarara. Saa hiyo kila mtu amechoka, mtoto analia, mwingine anahesabu mifuko yake asije akaibiwa. Nani ana muda wa kutazama kilima? Lakini kile kilima kina mnara uliozinduliwa mwaka 2014. Minara mingi tunayoijua ni ya marais, ya mashujaa au ya waliokufa. Huu ni wa dakika chache za giza.

Wazee wa huku wanasimulia hivi. Mfalme Olimi wa Bunyoro alikuwa mtu wa vita, na Bunyoro wakati ule ndiyo ilikuwa dola kubwa ya ukanda huu. Aliingia Ankole, akateka ng'ombe wengi sana, akawa anawaswaga kuondoka nao. Wakiwa Biharwe, mchana, mwanga ukaanza kupungua. Jua likaliwa pole pole mpaka likawa jeusi. Olimi akaona mbingu imemkasirikia, akakimbia na jeshi lake. Ng'ombe wakabaki. Watu wa Ankole wakabaki na ng'ombe na stori pia, na mpaka leo wanasema kwamba jua lilianguka Biharwe.

Hebu tusimcheke Olimi. Ukiwa umechukua mali ya watu kwa nguvu, na mchana kweupe jua likakuzimikia juu ya kichwa, wewe ungewaza nini? Aliona jambo kubwa, akatafuta sababu, akaipata iliyo karibu zaidi, yaani yeye mwenyewe na alichofanya. Binadamu tuko hivyo. Jambo likitokea tunauliza "kwa nini mimi?" kabla hatujauliza "limetokeaje?"

Na angalia jinsi lugha yenyewe inavyotusukuma huko. Kwa Kiswahili tunasema jua limepatwa, mwezi umepatwa. Mtu anapatwa na homa, anapatwa na msiba. Kabla hujafikiri chochote, neno limeshakuambia kuna kitu kibaya kimempata mtu.

Sasa, wataalamu wa mbingu walipochukua stori hii ya Biharwe, walifanya kitu cha ajabu kidogo. Walirudisha hesabu nyuma. Mwendo wa jua na mwezi unafuata kanuni, kwa hiyo unaweza kuhesabu kupatwa kwa jua kutakakotokea miaka 500 ijayo, na unaweza pia kuhesabu kulikotokea miaka 500 iliyopita. Wakapata tarehe 17 Aprili 1520. Hivi ndivyo jambo lililohifadhiwa kwa midomo tu, bila karatasi hata moja, lilivyopata tarehe kamili. Kwa watu ambao historia yao ilidharauliwa kwamba haikuandikwa, hilo siyo jambo dogo.

Lakini haikuishia hapo, na mimi napenda zaidi sehemu hii. Wanahistoria wengine walikataa. Walisema masimulizi ya wafalme hubadilika, majina huongezwa na kupunguzwa, na kupatwa kwa jua katika ukanda huu kulitokea mara nyingi, kwa hiyo unajuaje ni huku na siyo kule? Wakaleta tarehe nyingine. Mabishano hayo yameendelea kwa miaka mingi katika vitabu, na hakuna aliyetolewa kijijini kwa sababu ya kuuliza. Mnara bado upo kilimani na maswali bado yapo. Vyote viwili vinakaa pamoja vizuri tu.

Kabla sijaenda mbele, tuelewane kuhusu lenyewe. Mwezi unaizunguka dunia. Mara nyingine unapita katikati ya dunia na jua, na kivuli chake kinaangukia dunia. Ukiwa ndani ya kivuli hicho, jua limepatwa. Dunia ikiwa ndiyo iliyo katikati, kivuli chake kinauangukia mwezi, na mwezi umepatwa. Jua ni pana kuliko mwezi kama mara 400, lakini pia liko mbali kuliko mwezi kama mara 400, ndiyo maana kwa macho yetu yanaonekana karibu sawa na moja linaweza kulifunika lingine. Mtu atauliza, kwa nini basi haitokei kila mwezi? Kwa sababu njia ya mwezi imeinama kidogo, kama digrii tano, kwa hiyo mara nyingi kivuli kinapita juu au chini. Hayo unaweza kuyaonyesha kwa tochi, chungwa na pera. Nimeona mtoto wa miaka tisa akimweleza babu yake kwa vitu hivyo vitatu, na babu akaomba arudie.

Kanuni ina mzunguko wake pia. Baada ya miaka 18 na siku kama 11, jua, mwezi na dunia hurudi karibu katika mpangilio ule ule, na kupatwa kunajirudia. Ila mzunguko huo una saa nane za ziada, na katika saa nane dunia imeshajigeuza theluthi moja, kwa hiyo kivuli kinaangukia watu wengine. Tuchukue mfano unaotuhusu. Tarehe 16 Februari 1980 kivuli kilitoka Atlantiki, kikaingia Angola, kikavuka Zaire (Congo yetu ya wakati ule), kikapita Tanzania na Kenya asubuhi, kikavuka bahari na kufika India alasiri. Babu na bibi zetu wengine walikiona. Kilirudi tarehe 26 Februari 1998, lakini kwa watu wa Karibiani. Kikarudi tena tarehe 9 Machi 2016, kwa watu wa Indonesia. Watu wa Babeli walikuwa wamegundua mzunguko huu zaidi ya miaka 2,000 iliyopita kwa kuandika tu walichokiona, usiku kwa usiku, baba na mwana na mjukuu. Hawakuwa na darubini.

Kwa nini nasema haya yote kwa watu wanaopanga foleni ya maji? Kwa sababu anayejua ratiba ya mbingu anaweza kumtawala asiyeijua. Huo siyo mfano wa kutunga. Mwaka 1503 Christopher Columbus alikwama Jamaica, meli zake zimeliwa na wadudu, hazifai tena. Wenyeji wa kisiwa, Wataino, waliwalisha yeye na watu wake kwa miezi. Baadaye mabaharia wakaanza kuiba na kuwafanyia wenyeji ukatili, na wenyeji wakaacha kuleta chakula. Columbus alikuwa na kitabu cha hesabu za nyota kilichotungwa na Regiomontanus, Mjerumani. Kitabu kilisema mwezi utapatwa tarehe 29 Februari 1504. Akawaita wakubwa wa Wataino akawaambia kwamba Mungu wake amekasirika, na usiku huo atauchukua mwezi. Mwezi ulipotoka ukiwa unaliwa, watu walilia, wakaleta vyakula, wakamwomba awaombee. Yeye akajifungia chumbani akisubiri muda aliojua umebaki, kisha akatoka na kutangaza kwamba wamesamehewa.

Fikiria hiyo picha kidogo. Waliokuwa na haki ya kukasirika ndio walioomba msamaha. Tofauti kati ya pande mbili ilikuwa kurasa chache za kitabu.

Hapa kwetu pia ipo, kwa kiasi chake. Mwaka jana, kabla ya mwezi kupatwa tarehe 7 Septemba 2025, sauti zilizunguka kwenye simu za kambi nzima: mwezi wa damu unakuja, nyumba zisizo na ulinzi zitaguswa, leteni sadaka ya ulinzi kabla ya Jumapili. Mama mmoja mtaani kwetu, mjane, watoto wanne, alipeleka pesa ya chakula ya mwezi. Pesa yenyewe mnajua ilivyopunguzwa. Aliyezipokea simtaji, na wala haikuwa kosa la mama. Alikuwa ameshapoteza nyumba, mume na mashamba bila onyo. Safari hii mtu alimpa onyo, na bei ya kuepuka. Ungekuwa wewe usingelipa?

Wenyeji wa magharibi ya Uganda wana jina la jambo kama hili likifika mwisho wake. Wanasema Kanungu. Kikundi cha dini pale kilitangaza kwamba dunia itaisha mwaka 1999 ukiisha. Watu waliuza mali zao wakatoa. Januari ikafika, jua likachomoza kama kawaida, watu wakaanza kuulizia vitu vyao. Tarehe 17 Machi 2000 kanisa lao liliteketea na mamia ya watu ndani yake, watoto wakiwemo, na miili mingine ikakutwa imefukiwa kwenye nyumba za kikundi. Sisi tuliokimbia bunduki tunaona kifo kinakuja na bunduki tu.

Basi swali langu kwa historia lilikuwa hili: kuna watu waliowahi kufaulu kuondoa hofu ya namna hii kwa kutumia mbingu zenyewe? Wapo, na ni wale wale ambao kivuli cha 1980 kiliwafikia baada ya kutuacha sisi.

Siku ile, 16 Februari 1980, mitaa ya miji mingi ya India ilikuwa tupu kama kuna amri ya kutotoka nje. Hakukuwa na amri. Watu walijifungia. Huko imani ya zamani inasema jua likipatwa limemezwa na pepo, chakula kilichopikwa kabla kinaharibika na lazima kimwagwe, mjamzito asishike kisu wala asitoke, mtoto atazaliwa na kasoro. Inasimuliwa kwamba hata televisheni ya taifa iliweka filamu ya kuchekesha mchana ule ili watu wabaki ndani. Nia ilikuwa nzuri, kulinda macho, lakini matokeo yake kupatwa kwa jua kulipita juu ya mamilioni ya watu waliokuwa wanatazama ukuta.

Miaka 15 baadaye, tarehe 24 Oktoba 1995, kivuli kingine kilipita India, kutoka Rajasthan mpaka Diamond Harbour kule Bengal. Giza kamili lilikuwa la kama dakika moja tu. Safari hii watu walisafiri kwa treni na mabasi kulifuata. Walimu walipeleka wanafunzi. Televisheni ile ile ilionyesha moja kwa moja. Walikuwepo waliojifungia, ndiyo, na walikuwa wengi, lakini walikuwepo pia wasichana wa shule viwanjani na miwani ya karatasi usoni, wakipiga kelele za furaha wakati nyota zinatokea mchana.

Nini kilitokea katikati? Kazi ndefu isiyo na sifa. Katika jimbo la Kerala kulikuwa na chama kilichoanzishwa mwaka 1962 na waandishi wa sayansi waliotaka kuandika kwa Kimalayalam, lugha ya nyumbani, siyo Kiingereza. Jina lake ni Kerala Sastra Sahitya Parishad. Walianza na vijitabu, wakaenda mashuleni, wakaenda vijijini na nyimbo na michezo ya kuigiza barabarani. Baada ya gesi ya kiwanda kuua maelfu ya watu Bhopal mwaka 1984, vyama vya aina hiyo viliongezeka, kwa sababu watu waliona kwamba kutojua kilichomo kwenye tenki la jirani kunaua. Mwaka 1987 misafara ya watu wa sayansi ilitoka pande mbalimbali za nchi ikipita kijiji kwa kijiji mpaka ikakutana Bhopal. Kupatwa kwa 1995 kulipokaribia, mtandao ulikuwa tayari upo. Waligawa vichujio vya macho na kufundisha namna ya kutazama kwa tundu dogo la karatasi. Kumbuka pia kwamba katiba yao, tangu mabadiliko ya mwaka 1976, inataja kuwa ni wajibu wa kila raia kukuza fikra za kisayansi na moyo wa kuuliza. Wajibu, kama kulipa kodi!

Nisiwadanganye kwamba ni njia ya maua. Daktari Narendra Dabholkar wa jimbo la Maharashtra alianzisha mwaka 1989 kamati ya kupinga ushirikina, akawa anafichua waganga wanaowala maskini. Tarehe 20 Agosti 2013 alipigwa risasi akiwa kwenye matembezi ya asubuhi mjini Pune, akafa. Sheria aliyoipigania miaka mingi dhidi ya vitendo hivyo ilipitishwa mwaka huo huo, baada ya kifo chake. Hofu ni biashara, na ukigusa biashara ya mtu lazima uwe mwangalifu.

Kitu kimoja nataka ndugu zetu wa mashirika wakione. Waliofaulu India hawakuanza kwa kumwambia bibi kizee "wewe ni mjinga". Walikaa naye uwanjani. Jua likapatwa, likarudi, chakula kikaliwa mbele ya watu, na kila mmoja akaona kwamba hakuna aliyekufa. Mikutano mingi tunayoitwa hapa kambini mtu anakuja na karatasi kubwa, anatuandikia jibu, anatugawia soda, anaondoka. Jibu la kuandikiwa ni rahisi kulisahau, na pia halitofautiani sana na la nabii: yeye anajua, wewe huna budi kuamini. Mbingu zina faida hii moja, kwamba mwalimu hawezi kuzimiliki. Akisema mwezi utaanza kuliwa saa fulani, usiku huo huo tunamkagua sote, hata yule asiyejua kusoma.

Kule San Francisco alikuwepo mzee mmoja, John Dobson, aliyekuwa mtawa, aliyetengeneza darubini kwa vitu vya kutupwa: vioo vya madirisha ya meli na mabomba ya karatasi ngumu. Alianza kuziweka pembeni mwa barabara tangu mwaka 1968 na kuwaita wapita njia waone Zohali na pete zake, bila malipo. Alikufa mwaka 2014 na aina yake ya darubini inatumika dunia nzima. Nawataja watu kama hawa kwa wale wanaosema sayansi ni ya wenye maabara.

Turudi kwetu. Jumapili tarehe 3 Novemba 2013 jua lilipatwa tena kwenye ardhi ya Uganda. Kivuli kilipita Gabon, Congo, kaskazini mwa Uganda, kikaenda Turkana na Ethiopia mpaka Somalia. Watu kwa maelfu walikwenda Pakwach kuona sekunde chache za giza, baada kidogo ya saa kumi na moja jioni. Huku kwetu kusini jua lilibaki kama mwezi mwandamo. Jumanne yake, tarehe 5 Novemba, M23 wakatangaza kwamba wamemaliza vita yao Kivu ya Kaskazini.

Mnaona tunakoelekea. Redio trotwari haikulala. Jua limepatwa Jumapili, vita imeisha Jumanne, nani atabisha? Nilisikia watu wazima wakisema tufunge mizigo, Mungu ameonyesha ishara. Kwa mtu aliyeishi miaka chini ya turubai, hiyo ni habari tamu kuliko asali. Lakini tuulize pole pole. Kivuli hicho hicho kilipita Gabon, kulikuwa na vita gani iliyoisha huko? Kilipita Somalia, mbona vita haikuisha? Kabla ya Jumapili ile, jeshi la serikali na kikosi cha Umoja wa Mataifa walikuwa wameshapigana wiki nzima na kuchukua mji baada ya mji, kwa hiyo mwisho ulikuwa unaonekana bila kutazama juu. Na M23 wenyewe walirudi porini na bunduki mwishoni mwa 2021, wakati hakuna jua lililopatwa juu ya vichwa vyetu. Waliofunga mizigo 2013 kwa sababu ya ishara walikuwa wanaamua maisha ya watoto wao. Habari za usalama wa kijiji chako unaulizia kwa watu walioko kijijini, unapiga simu tatu kwa watu watatu wasiojuana, unalinganisha majibu.

Kuna watakaosema naleta vita na dini. Hapana kabisa. Waislamu wenzetu wanajua hadithi ya Ibrahim, mtoto mdogo wa Mtume Muhammad, aliyefariki Madina. Siku hiyo jua lilipatwa. Wataalamu wanaliweka tukio hilo tarehe 27 Januari 632. Watu wakaanza kusema jua limemlilia mtoto wa Mtume. Baba mwenye msiba, ambaye angeweza kunyamaza tu na kuacha sifa ile imkae, aliwaambia watu kwamba jua na mwezi havipatwi kwa sababu ya kufa wala kuzaliwa kwa mtu yeyote, akawaelekeza kusali. Mimi ni Mkristo na hadithi hiyo imenifundisha zaidi ya mahubiri mengi. Mtu anaweza kusali jua likipatwa na bado akajua limepatwaje.

Na wasiofuata dini wasijione wamepona. Mmeshapata ule ujumbe unaosema usiku wa leo, kuanzia saa sita na nusu, mionzi ya kosmiki itapita karibu na dunia, zimeni simu, msilale nazo karibu? Unataja NASA, unataja BBC. Umezunguka dunia kwa miaka, kila mara ni "usiku wa leo". Hauna tarehe, ndiyo maana hauzeeki. Huo ni ushirikina ule ule, umevaa koti jeupe la daktari. Anayetuma mara nyingi ana shahada.

Tarehe 7 Septemba kikundi chetu tulikaa uwanjani. Hatukuwa na darubini. Tulikuwa na tochi, machungwa mawili na ratiba tuliyoinakili kwenye kadibodi siku mbili kabla: mwezi utafunikwa wote saa mbili na nusu usiku, utaanza kutoka kama saa nne kasoro dakika nane. Tuliibandika kwenye mti ili kila mtu aone kwamba hatukuiandika baadaye. Mawingu yalitusumbua kidogo, yakapita. Kivuli kilipoanza kuula mwezi, tukawauliza watoto ukingo wake una umbo gani. Mviringo, wakasema. Kivuli cha nani? Cha dunia. Aristotle alitumia hoja hiyo hiyo miaka zaidi ya 2,300 iliyopita kusema dunia ni duara. Mwezi ukawa mwekundu, na hapo wengine walisogeleana. Tukaeleza kwamba wekundu ule ni mwanga wa jua unaopenya kandokando ya dunia kupitia hewa, yaani ni machweo na mawio yote ya dunia kwa pamoja yanauangukia mwezi. Mama yule wa sadaka alikuwepo, amekaa kwenye dumu lake la maji. Hakusema kitu. Saa nne kasoro dakika nane aliinuka akaangalia ile kadibodi, akaangalia mwezi, akamuuliza kijana wetu mmoja: "Na hiyo hesabu, ninyi mliipata kwa nani?" Tulikaa naye mpaka saa tano.

Kwa wanaopanga: Jumatatu tarehe 2 Agosti 2027 jua litapatwa kabisa Misri, Saudia, Yemen na ncha ya Somalia, na sisi hapa tutaona sehemu yake. Tarehe 21 Mei 2031 jua litabaki pete, na njia yake ni Angola, kusini mwa Congo yetu, Zambia, Tanzania, kisha ng'ambo hadi India, karibu barabara ile ile ya 1980. Jua lisitazamwe kwa macho matupu, wala kwa karatasi ya eksirei, wala ndani ya beseni la maji. Sehemu ya jicho inayoungua haisikii maumivu, utajua kesho yake. Toboa tundu dogo kwenye kadibodi, geuza mgongo wako kwa jua, acha mwanga upite tundu uangukie karatasi nyeupe. Chini ya mwembe ni bora zaidi, kwa sababu nafasi kati ya majani ni matundu mia, na ardhi yote inajaa majua madogo yaliyoliwa.

Anayetaka kujifunza kuhesabu ratiba ya 2027 kwa ajili ya kambi yetu aje Jumamosi saa kumi jioni, pale pale uwanjani. Aje na daftari na chungwa moja. Machungwa tutayala baada ya somo.